Mtaro wa Saba wa Voncourt

Josiane Lherbier alikuwa na miaka hamsini na nne, na kati ya hiyo ishirini na sita aliitumia akiwa amepiga magoti. Si kwa ibada. Alikuwa mchimbaji wa mambo ya kale, mwajiriwa wa taasisi ya serikali, na kazi yake ilikuwa kukwangua ardhi kwa mwiko mdogo wa fundi uashi kabla ya barabara au ghala au mtaa mpya wa nyumba kujengwa juu yake. Magoti yalikuwa yamekwisha. Daktari alishamwambia mara mbili aombe kazi ya ofisini, naye mara zote mbili alimjibu kwamba ofisini hakuna udongo wa kusoma.

Kusoma udongo ndiko kulikompa jina. Katika nyanda zile za Champagne, ukivuka tu mizizi ya viazi sukari unakutana na chaki nyeupe, na kaburi lililochimbwa humo miaka elfu mbili na mia nne iliyopita huonekana kama doa la kahawa kwenye kitambaa cha meza. Doa kama hilo mtu yeyote angeliona. Josiane aliona hata yale yaliyokuwa bado hayajajitokeza. Alitembea mbele ya katapila, macho chini, na alipoinua kidole dereva alisimamisha ndoo hewani bila kuuliza. Madereva, ambao si watu wa kumsifu mtu, walimwita Jicho.

Alipoanza, kazi ile ilikuwa ya serikali peke yake. Kisha sheria ikabadilishwa. Uchunguzi wa awali, ule wa kukata mitaro michache kuona kama kuna kitu, ukabaki kwa watu wa umma. Lakini uchimbaji mkubwa unaofuata ukawekwa sokoni. Mwenye kiwanja ndiye analipa, na mwenye kiwanja ndiye anachagua kampuni ya kumfanyia. Serikali ikabaki na ofisi ya mkoa ya kutoa masharti na kukagua.

Josiane hakuiamini biashara hiyo hata chembe, na aliisema kila Jumapili mezani kwa kaka yake Anselme, aliyekuwa dereva wa lori mstaafu na aliyehamia kwake tangu mke wake alipofariki.

"Anayenunua mkate anataka mkate mzuri," alikuwa akisema. "Anayenunua uchimbaji anataka kaburi? Anataka karatasi ya kumruhusu amwage zege. Kadiri unavyomchimbia vibaya ndivyo anavyokupenda."

"Na nyinyi je, Jo?" Anselme alijibu huku akikata soseji. "Watoto wa chekechea pale Saint-Loup walisomea kwenye makontena majira matatu ya baridi, wanawasubiri nyinyi mmalize kupiga mswaki vigae. Mtu asiye na mpinzani huwa hana saa mkononi."

Josiane alikuwa na jibu la hilo pia, lakini alijua kwamba chekechea ya Saint-Loup ilikuwa kweli, kwa hiyo alimwomba haradali.

Mwezi Machi, mwaka wa sita tangu sheria ile, Josiane na timu yake walitumwa Voncourt, kijiji kilichokuwa kilomita nne tu kutoka nyumbani kwake. Kampuni ya usafirishaji ilitaka kujenga ghala kubwa kwenye shamba la viazi sukari kando ya barabara kuu. Walikata mitaro kumi na minne. Kumi na mitatu ilikuwa na kidogo au haikuwa na kitu. Mtaro wa saba ulikuwa na makaburi kumi na moja, yamejipanga kama watu kwenye foleni, na katika mojawapo Josiane alifagia vumbi kidogo na kuona rangi ya kijani ya bangili ya shaba ikiwa bado mkononi mwa mwenyewe. Sheria ya uchunguzi wa awali ni kuona na kuacha. Aliifunika bangili kwa kitambaa, akarudisha udongo kwa koleo, akaandika vipimo kwenye daftari la kazini. Kuandika ripoti na kuchora ramani kulikuwa kazi ya bosi wake, Lucien Barthomeuf, mtu mpole aliyebakiza miezi kumi na minane kustaafu. Wachimbaji hawakuwa na desturi ya kuletewa ripoti.

Zabuni ilipofunguliwa, taasisi ilishindwa. Kampuni iitwayo Argilande iliahidi kumaliza kwa siku thelathini kazi ambayo Lucien aliipangia hamsini na tano. Habari hiyo ilimuuma Josiane, lakini iliyomuuma zaidi ni kusikia nani angeisimamia: Clémence Haudry.

Clémence alikuwa amechimba ubavuni mwa Josiane kwa miaka sita, kwa mikataba ya miezi mitatu mitatu, akisubiri ajira ya kudumu ambayo kila mwaka aliambiwa itakuja mwakani. Josiane ndiye aliyemfundisha kushika mwiko bila kuumiza kifundo cha mkono. Siku Clémence alipoaga kwenda Argilande, hawakugombana. Josiane alimwambia tu, "Haya, kauze," na hawakuzungumza tena.

Argilande walianza Septemba. Barabara ya Josiane ya kwenda kazini ilipita pale pale, na tangu siku ya kwanza akawa anapunguza mwendo. Aliona katapila mbili ambapo yeye angetumia moja. Aliona vijana wengi asiowafahamu. Siku ya tano aliona jambo lililomfanya asimamishe gari kando kabisa na kuwasha taa za hatari.

Lundo la udongo uliochimbwa, mlima mweupe wenye urefu wa mita tatu, lilikuwa limewekwa sambamba na nguzo ya umeme ya pili kutoka barabarani. Josiane aliikumbuka nguzo ile. Wakati wa mtaro wa saba walikuwa wakitundika makoti yao hapo. Makaburi yote kumi na moja yalikuwa chini ya lundo.

Alikaa kwenye gari akapiga hesabu. Hesabu ilikuwa nyepesi. Makaburi kumi na moja ni wiki tatu za kazi. Ukiyafunika kwa lundo, siku thelathini zinatosha na mteja anapata karatasi yake ya kumwaga zege kabla ya Krismasi. Nani angejua? Zege likishamwagwa, hakuna wa kuuliza. Na aliyefanya hivyo alikuwa binti aliyefundishwa na yeye mwenyewe mahali pa kutupa udongo: daima pale ulipohakikisha hakuna kitu.

Kuanzia hapo Josiane akawa mlinzi asiye na mwajiri. Asubuhi na jioni alipiga picha kutoka barabarani kwa kamera ndogo ya Anselme. Alihesabu hatua kutoka nguzo hadi ukingo wa lundo, akijifanya anachuma uyoga mahali ambapo hata mjinga anajua uyoga hauoti. Kwenye duka la mikate aliwasikiliza vijana wa Argilande wakinunua mikate yao ya mchana, na kila walipocheka alihisi wanachekea makaburi. Kijana mmoja alisema kwamba upande wa mashariki ni mweupe pee, hakuna hata mfupa wa kuku, na Josiane alitoka bila kuchukua chenji.

"Umeanza kufanana na mke anayepekua mifuko ya koti," Anselme alimwambia alipoikuta kamera yake imejaa picha za udongo.

"Mke huyo huwa anakosea?"

Anselme alifikiri kidogo. "Mara nyingi hapana," alikiri.

Aliandika barua kwa ofisi ya mkoa. Mkaguzi wa eneo lile, Bwana Castagnet, alikuwa mtu mmoja mwenye viwanja zaidi ya arobaini vya kuangalia na gari moja la ofisi alilogawana na wenzake wawili. Wiki mbili zilipita. Alipopiga simu, Castagnet alimweleza kwa upole wa mtu aliyechoka kwamba alikwisha kwenda Voncourt, mvua ilikuwa inanyesha, alikaa dakika ishirini, na kila kitu kilikuwa kulingana na masharti. Lundo liko nje ya eneo la kuchimbwa. Josiane aliuliza inawezekanaje makaburi yawe nje ya eneo la kuchimbwa. Castagnet alisema eneo lilichorwa kutokana na ramani ya taasisi yake Josiane, na kwamba anayo simu nyingine.

Josiane aliona jibu hilo kuwa la mtu aliyenunuliwa. Usiku mmoja tu ulimtosha kumhukumu Castagnet, kampuni ya maghala, meya wa Voncourt na Clémence, wote kwenye kapu moja. Siku iliyofuata ilikuwa Ijumaa. Mapumziko ya mchana aliendesha moja kwa moja hadi Voncourt, akapita kwenye geti bila kofia ya usalama, akaenda hadi kwenye kibanda cha magurudumu ambamo Clémence alikuwa peke yake akila dengu baridi kutoka kwenye mkebe.

Clémence hakusimama. "Hatimaye umeingia," alisema. "Wiki nne unatupiga picha kutoka barabarani. Vijana wangu walidhani wewe ni wa bima."

"Toa lundo lako juu ya makaburi."

"Makaburi yapi?"

"Usinifanyie hivyo, Clémence. Si mimi."

Clémence aliweka kijiko chini. Aliinuka, akatandaza ramani juu ya meza, akabana pembe zake kwa vikombe. Ilikuwa ramani ya uchunguzi wa awali, yenye nembo ya taasisi. Josiane hakuwahi kuiona. Clémence aliweka kidole kwenye mtaro wa saba, uliochorwa kwa wino mwekundu upande wa mashariki, mbali kabisa na nguzo ya umeme.

"Nimeikuta mitaro yenu yote," Clémence alisema. "Kumi na mitatu. Mahali mlipokata na kufukia panaonekana wazi kwenye chaki, kama kovu. Huu wa saba, hapa mlipouchora, haupo. Hakuna makaburi, na hakuna hata mtaro. Chaki ile haijaguswa tangu Mungu aiumbe. Sasa niambie wewe, Jicho, ningefikiri nini?"

Josiane aliinama kuisoma ramani.

"Nilifikiri mmetupikia makaburi," Clémence aliendelea. "Mlishindwa zabuni, mkatuachia makaburi hewa ili tutafute hadi tufilisike. Hivyo ndivyo kila mtu hapa anavyoamini. Nilimpigia Lucien simu mara mbili. Aliniambia niandike. Nikaandika, sikujibiwa."

"Na bosi wako alisemaje?"

Clémence alicheka bila furaha. "Bosi wangu alifurahi. Eneo tupu ni siku kumi na mbili za faida. Aliniambia nisimuamshe aliyelala."

Walitoka nje pamoja. Josiane alimpeleka hadi kwenye nguzo, akageuka kuelekea lundo, akanyoosha mkono. Hakukuwa na haja ya kusema zaidi. Clémence alilitazama lile lundo, na uso wake ulikuwa uso wa mtu anayekumbuka kwamba katapila zimepita hapo kwa wiki nne, tani ishirini kila moja.

"Nani alipima?" aliuliza.

"Mimi," Josiane alisema, na hapo ndipo hofu ilipomwingia kwa mara ya kwanza kwa upande mwingine. Maana kama kosa ni la kwake, basi yeye ndiye aliyeyazika mara ya pili.

Jumatatu alifika kwenye bohari ya taasisi kabla ya wenzake. Daftari la Voncourt lilikuwa kwenye sanduku lake, mahali pake. Alifungua ukurasa wa mtaro wa saba. Mwandiko ulikuwa wake, kwa penseli: mwanzo wa mtaro, mita mia moja na kumi na mbili kutoka barabarani. Kwenye ripoti, ambayo sasa aliiomba na kuisoma akiwa amesimama, iliandikwa mia moja na hamsini na mbili. Mita arobaini. Mitaro mingine yote kumi na mitatu ilinakiliwa sawasawa.

Alikwenda kwa Lucien na kumwekea vyote viwili mezani. Lucien alivaa miwani, akatazama, akavua miwani.

"Ah," alisema. "Kidole kimeteleza. Moja yako inafanana na tano."

"Moja yangu haifanani na tano hata ukiwa umelewa."

"Basi nimechoka, Josiane. Nimeandika ripoti thelathini mwaka huu."

Hilo lilikuwa kweli. Tangu zabuni zianze, mabosi waliandika ripoti hadi Jumapili. Lakini Lucien alikuwa na jibu mapema mno, na mkono wake ulikuwa umeshaivuta ripoti upande wake wa meza. Josiane alimuuliza kuhusu barua ya Clémence. Lucien alisema kwamba barua za washindani hupelekwa makao makuu kwa mwanasheria, ndiyo maagizo, na kwamba hakuisoma. Kisha akasema neno ambalo Josiane alilibeba tangu siku hiyo.

"Wakichimba patupu, si sisi tutakaolia. Iache. Siku kumi zijazo wataondoka, na mwakani ofisi ya mkoa itakuwa imejifunza nani wa kumwamini."

Alilisema kwa sauti ile ile ya upole aliyoombea chumvi kantini. Josiane alimtazama mtu huyo aliyemfahamu kwa miaka kumi na tisa, ambaye alikuja kwenye mazishi ya mama yake na kubeba jeneza, na hakuweza kujua anatazama uchovu au anatazama kitu kingine. Alichukua daftari lake, akaenda kwenye mashine ya kunakili, akatoa nakala mbili. Moja ilikwenda kwa Castagnet. Nyingine aliipeleka Voncourt kwa mkono.

Safari hii Castagnet alifika siku iliyofuata na kukaa mchana kutwa. Alisimamisha kazi, akaamuru lundo lihamishwe, akaongeza siku kumi na nne. Mteja alipiga kelele, mkurugenzi wa Argilande alipiga kelele zaidi, na makao makuu ya taasisi yalimwandikia Josiane barua ya kumkumbusha kwamba nyaraka za kazi hazitolewi nje bila idhini. Barua hiyo ilisainiwa na mtu asiyemjua. Lucien hakuandikiwa chochote, au kama aliandikiwa hakumwambia mtu.

Makaburi yalitokea pale pale. Tisa yalichimbwa yakiwa mazima. Mawili ya mwisho, yaliyokuwa upande wa njia ya katapila, yalikuwa yamepondwa hadi mifupa na vyungu vikawa kitu kimoja. Clémence alimpigia simu Josiane aje Jumamosi, na Josiane akaja, safari hii na kofia. Alikuta kaburi la yule mwenye bangili limefunguliwa. Alikuwa mwanamke mfupi, amelala chali, kichwa kimeinamia bega la kushoto. Wote wawili walishuka shimoni, Josiane kwa shida ya magoti, wakafagia mkono ule kwa brashi bila kuongea kama walivyokuwa wakifanya zamani. Clémence alichimba vizuri. Josiane alimwangalia kwa pembe ya jicho akitafuta dalili za haraka, akitafuta uzembe wa mtu aliyejiuza, na hakuuona.

"Alifanya kusudi?" Clémence aliuliza bila kuinua kichwa.

"Sijui."

"Unafikiri nini?"

"Nafikiri hata yeye hataki kujua."

Clémence alifagia kidogo. "Bosi wangu anasema kama ungekuwa mwajiriwa wetu angekufukuza."

"Wangu pia anasema hivyo."

Walicheka, kicheko kifupi, kisha wakaendelea na kazi hadi mwanga ulipopungua.

Ghala lilijengwa majira ya machipuko, kwa kuchelewa kwa wiki tano. Anselme alipata huko kazi ya kulinda geti siku mbili kwa wiki na hakuona haya. Clémence hakuongezewa mkataba. Argilande walimweleza kwamba soko limepungua. Alikwenda kufundisha historia kwenye shule moja ya Nancy, na mwaka mpya humtumia Josiane kadi. Lucien alistaafu kwa sherehe yenye mvinyo mzuri. Alimkumbatia Josiane mbele ya watu wote na kumwita mkono wake wa kulia. Josiane alijiacha akumbatiwe, na jioni hiyo nzima alitafuta usoni mwake kitu ambacho hakukipata.

Kantini watu walichukua mwaka mzima kurudi kula meza moja naye. Hawakumtukana. Walinyamaza tu alipofika na sahani yake, na mmoja wao, ambaye alikuwa rafiki, alimuuliza siku moja kwa nini aliisaidia kampuni. Alimjibu kwamba hakuisaidia kampuni.

Anselme akimuuliza siku hizi nani achimbe, serikali au soko, yeye hujibu kwamba achimbe yeyote, mradi kuwe na mtu wa tatu mwenye gari lake mwenyewe na muda wa kukaa zaidi ya dakika ishirini kwenye mvua. Anselme humwambia mtu huyo hajazaliwa.

Josiane alifanya kazi miaka sita zaidi, hadi magoti yalipokataa kabisa. Katika miaka hiyo hakuna bosi aliyempa ripoti bila yeye kuiomba, lakini aliziomba zote. Alikuja bohari na daftari lake, akaweka rula chini ya kila mstari, akasoma namba moja baada ya nyingine kwa sauti ndogo, mwandiko wake upande huu na chapa upande ule, huku kijana wa kompyuta akisubiri na kutazama saa. Hakukuta kosa jingine hata moja.